Alama ya Kitinda

Bi Friza hakuwa na roho mbaya, tuelewane mapema. Ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kugonga hodi na chupa ya uji kwapani. Ukihama nyumba, atakuja kukubebea masufuria na hata maji ya kunywa hataomba. Lakini msifie mdogo wake mbele yake uone. Kitu kitamkaba kooni, tabasamu litabaki mdomoni tu, macho hayamo, na ule utu wote ninaokusimulia utachukua likizo bila kuaga.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwenye maabara ya virusi ya hospitali moja kubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa friza la baridi kali. Humo mlikuwa na damu ya watu waliougua dengi, ile homa inayoletwa na mbu wa mchana. Kila ulipozuka mlipuko, Bi Friza alipita wodini kwa wale waliozidiwa, waliokuwa wakitoka damu kwenye fizi, wenye tumbo lililojaa maji, ambao mapigo yao daktari anayatafuta mkononi na kuyakosa. Aliwaomba wao au ndugu zao damu kidogo. Wengi walipona wakaenda zao. Wengine hawakupona, na damu yao ikabaki kwa Bi Friza.

Alikuwa na swali moja tangu anasoma, na lilimkosesha raha. Watu wawili wanaumwa na mbu wa mtaa mmoja. Mmoja anapata homa, viungo vinamuuma, wiki inayofuata yuko kazini anapiga soga. Mwingine anazimika. Kwa nini? Ilijulikana kwamba dengi ina aina nne, na kwamba mtu akiipata mara ya pili kwa aina nyingine huwa hatarini zaidi. Bi Friza aliona hilo halitoshi. Kirusi cha dengi kinajinakili kwa haraka na kwa uzembe, kila mara kinakosea herufi hapa na pale kwenye jeni zake, hata aina moja ikawa na matawi kibao. Huenda tawi moja ni kali kuliko jingine. Ili kujua, unasoma jeni za virusi vya waliozidiwa, unasoma na za walioumwa kidogo, kisha unazilinganisha. Damu alikuwa nayo. Mashine ya kusoma ndiyo hakuwa nayo.

Aliomba mashine mpaka ulimi ukaota sugu. Mkuu wa maabara, mzee mpole asiyejua kukataa wala kukubali, kila mara alimwambia avute subira. Basi akavuta. Hatimaye mashine ikaja, na haikuja peke yake. Ilikuja na mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa amekwenda masomoni nje akarudi na shahada, ufadhili, mashine yenyewe, na viatu vizuri juu yake. Huyo nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamfuata mpaka kazini ingawa sasa alikuwa daktari wa falsafa na mama wa binti wa miaka sita.

Bi Friza naye alikuwa na shahada hiyo hiyo, tena alitangulia kuipata. Nani alikumbuka? Mama yao aliishi kwa Bi Friza, alikula chakula cha Bi Friza, alilalia godoro alilonunua Bi Friza, lakini akija mgeni habari ilikuwa moja. Kitinda ameonekana kwenye televisheni. Kitinda amealikwa huko, Kitinda ametumiwa tiketi ya ndege. Bi Friza angekuwa jikoni akikata vitunguu na kusikia neno kwa neno. Wageni wakimwona macho mekundu walisema vitunguu vya siku hizi vikali kweli.

Mwezi wa kwanza tu, Kitinda alimfuata dada yake kwenye friza. Alisema amesikia ana damu ya wagonjwa mahututi wa miaka mingi, na kwamba bila hiyo yeye hana kazi. Ya walioumwa kidogo ataikusanya mwenyewe pale kliniki ya nje. Aliomba kwa adabu, akamshika dada mkono. Bi Friza akasema hakuna shida, mdogo wangu, kesho utaikuta mezani.

Sasa sikiliza alichokifanya. Pale maabara palikuwa na vitu vya namna mbili. Kwanza damu yenyewe ya mgonjwa, yaani maji yake yaliyotengwa na wekundu, kwenye vichupa vya kifuniko cheupe. Pili virusi vya kukuzwa. Unachukua damu kidogo, unaitia kwenye chupa yenye seli za figo la tumbili, virusi vinazaana humo, unavihamishia chupa nyingine, na nyingine tena, ili usije ukaishiwa. Hivyo vilikaa kwenye vichupa vya kifuniko cha bluu, na juu ya kifuniko ilitiwa nukta nyekundu kwa kila chupa ambamo vimepita. Sababu ya nukta kila mtu pale aliijua. Kirusi kikilelewa chupani hujifunza maisha ya chupani. Kinabadilika ili kilipende figo la tumbili, na badiliko hilo halimhusu mgonjwa hata chembe.

Bi Friza alitoa vile vya bluu, vyenye nukta tatu tatu. Akavimimina kwenye vichupa vipya vya kifuniko cheupe, maji kwa maji, jicho halitofautishi, bila nukta hata moja, akaandika namba za wagonjwa basi. Damu yenyewe akaisukuma nyuma kabisa ya friza, nyuma ya maboksi ya zamani ambayo hakuna aliyeyagusa. Alijiambia hajasema uongo; akiulizwa atajibu. Lakini alijua fika hataulizwa. Nani anamuuliza dada yake kama alichompa ni chenyewe? Wala hakukusudia kumwangusha, nimtendee haki. Alitaka tu abaki na kitu ambacho Kitinda hana. Mtoto anayeficha pipi shavuni huku akisema zimeisha ana akili hiyo hiyo, ila mtoto unamwachisha kwa kumfinya sikio.

Kitinda akajifungia na mashine yake. Siku moja akatoka mbio, kofia ya maabara imekaa upande, akimtafuta mkuu. Ameipata. Katika virusi vya wagonjwa mahututi karibu wote, herufi moja ilikuwa imebadilika kwenye jeni inayotengeneza gamba la kirusi. Kwa walioumwa kidogo, haikuwepo hata kwa mmoja. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kabla ya wiki kwisha waandishi wa habari walikuwa wamejaa ukumbini, na badiliko lile likawa na jina: alama ya Kitinda.

Halikuishia magazetini. Mlipuko mpya ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, wodi zimejaa mpaka watu wanalala kwenye magodoro sakafuni. Mkuu wa maabara akakaa na daktari wa wodi, wakakubaliana wajaribu. Mgonjwa wa dengi ambaye hali yake haijawa mbaya asomewe jeni za kirusi chake. Mwenye alama alazwe. Asiye na alama apewe maelekezo akajiuguze nyumbani, kitanda apewe mwingine. Bi Friza alipiga makofi pamoja na wenzake, kifua kinawaka moto.

Tena usidhani alikwishajua. Wivu ulikuwa umemjaa hata akili haikupata pa kukaa. Alikuja kung'amua kwenye kikao cha asubuhi, kikombe cha chai mkononi, daktari wa wodi akitoa taarifa kwa furaha kwamba mpaka siku hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeonekana na alama. Mlipuko wa mwaka huu mwepesi, alisema, tumshukuru Mungu. Wote wakaitikia. Bi Friza akabaki na kikombe hewani. Hata mmoja? Katika wodi iliyofurika? Hapo ndipo nukta tatu zilipomjia akilini.

Alingoja Kitinda aitwe kwenye mahojiano ya redio. Akatoa damu mbili tatu kutoka nyuma ya friza, akaenda nazo kwenye chumba cha mashine. Kuitumia alijua, alikuwa ameitazama kupitia kioo cha mlango kwa uchu mpaka akaikariri. Alipopata majibu akaburuta kiti, akakaa. Herufi ya asili ilikuwa mahali pake, haijabadilika, kwenye zote. Wagonjwa wale mahututi hawakuwahi kuwa na alama yoyote. Alama ilizaliwa ndani ya chupa zake mwenyewe, na Kitinda alikuwa amelinganisha virusi vya chupani na virusi vya watu.

Unafikiri alifanya nini? Alishtuka, ndiyo. Kisha, na hili naliona aibu kulisema kwa niaba yake, alifurahi. Alicheka peke yake mle chumbani akajiziba mdomo na mkono wenye glovu, jambo ambalo kwa mtu wa maabara ni fedheha tosha.

Mkutano mkubwa wa wataalamu ulikuwa unakaribia, na mzungumzaji mkuu alikuwa nani kama si Kitinda. Bi Friza alijiona safu ya tatu, amevaa gauni lake la kijivu, ananyanyua mkono taratibu. Angeuliza swali moja tu, kwa upole. Je, mtafiti alihakikisha kwamba virusi hivi havikupitia chupani kabla ya kusomwa? Ukumbi ungenyamaza. Kitinda angetafuta maneno, asiyapate. Swali hilo Bi Friza alilifanyia mazoezi bafuni, jikoni, akipiga pasi, akibadilisha sauti mpaka ikakaa sawa. Kuhusu nani aliyevitoa chupani, alijiambia mtafiti makini huhakikisha mwenyewe.

Na wagonjwa je? Alijiambia madaktari wana macho. Fundi cherehani mmoja alirudishwa nyumbani kwa kuwa hana alama, akaletwa tena mgongoni kwa mwanawe, ngozi baridi, na ikachukua muda mrefu kabla hajaweza kukaa. Bi Friza alizisikia habari hizo koridoni. Akasema maskini, akaenda kuosha chupa zake. Ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Kisha homa ikamshika Kidoti. Huyu ndiye binti wa Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa doa dogo jeusi chini ya jicho. Bi Friza alikuwa na wanawe wawili, watu wazima, wa kupiga simu wakikumbuka. Kidoti ndiye aliyekuja kwake kila likizo, akamwita mama mkubwa, akalala miguu imemkita mbavuni, akataka nywele zake zisukwe na yeye tu. Kwa mtoto huyo wivu haukuwahi kupata mlango.

Kitinda alimpima mwanawe akakuta dengi. Akasoma jeni za kirusi, hakuna alama. Akampigia mama yao kumtoa wasiwasi, na mama akakata simu akiwa amechangamka. Akamwambia Bi Friza, aliyekuwa anapiga pasi, ona basi, mtoto amekingwa na elimu ya mama yake mwenyewe. Pasi ikatua kwenye kola ya shati na kukaa hapo mpaka harufu ikamzindua. Bi Friza alijiambia watoto wengi wa dengi hupona kwa maji na kupumzika, na huo ulikuwa ukweli. Ila usingizi ulimpaa.

Jumamosi mchana akaenda kumwona, mama akabaki nyumbani na magoti yake. Alimkuta Kitinda mezani sebuleni, kompyuta mbele, anapanga picha za kuonyesha mkutanoni. Kidoti alikuwa kwenye kochi, amefunikwa shuka, katuni zinapiga kelele kwenye televisheni. Kitinda alikuwa na uso mwepesi. Homa imeshuka tangu asubuhi, alisema, imeshuka yenyewe, mwili umepoa kabisa.

Bi Friza akakaa ukingoni mwa kochi, akamshika mtoto paji la uso. Kweli, limepoa. Akamshika vidole. Vilikuwa baridi, tena vina unyevu. Kidoti hakuziangalia katuni. Alimtazama mama mkubwa mara moja, akasema tumbo, akafumba macho. Juisi amekunywa? Amekunywa, amerudisha, mara mbili. Chooni ameenda? Kitinda akafikiri. Asubuhi, labda.

Kama kuna kitu Bi Friza alikijua kwa kupita wodini miaka yote ile, ni hiki. Dengi haikuui homa ikiwa juu. Inakungoja homa ishuke, watu wa nyumbani wafurahi, wapike, waambiane amepona, na hapo maji ya damu yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa kimya kimya. Akasema twende hospitali sasa hivi.

Kitinda hakuinua macho kwenye kompyuta. Mtoto amechoka, alisema, jioni atakula. Alama hana. Vitanda hakuna, na utaratibu wa asiye na alama kubaki nyumbani umetokana na kazi yake mwenyewe. Leo awe wa kwanza kuuvunja kwa kuwa ni mwanawe? Watu watasemaje? Bi Friza akasema achana na alama, alama si kitu.

Kitinda akaifunga kompyuta polepole.

"Dada, hata leo?" akasema. "Hata mtoto akiwa kitandani?"

Bi Friza alijaribu kujieleza bila kujitaja. Akasema utafiti bado mpya, akasema virusi hubadilika, akasema katika kazi hizi mtu huweza kupotoka bila kujua. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinuka wivu. Aliusikia mwenyewe. Kitinda akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba anajua. Ameona jinsi anavyopiga makofi. Amevumilia, hajamwambia mtu, hata mama, kwa sababu dada ni dada. Lakini mwanawe asitumiwe.

Njia ilikuwa imebaki moja. Ili aaminiwe, ilibidi aseme alichokifanya, na akikisema basi. Kazi inaweza kwenda, friza linakwenda, mdogo wake anakwenda. Na safu ya tatu je, na gauni la kijivu? Usinishangae mimi. Hata dakika ile, mtoto akiwa baridi mkononi mwake, Bi Friza aliiwaza safu ya tatu. Ndipo Kidoti akainuka kutapika, na hakikutoka kitu.

"Nilikupa vya chupani," Bi Friza akasema.

"Vipi?"

"Vyote. Wale mahututi wote. Ni vya nukta tatu, nilivihamishia kwenye vifuniko vyeupe ili usijue. Damu yenyewe ninayo, nimeificha nyuma ya friza. Nimeisoma kwenye mashine yako. Haina alama, mdogo wangu. Hakuna mtu mwenye alama. Hata anayekufa pale wodini hana."

Kitinda hakulia wala hakutukana. Alisimama akimtazama, na Bi Friza aliona akili ya mdogo wake ikienda mbio nyuma ya uso, ikipanga vitu, mlipuko mwepesi, wodi nzima bila alama, fundi cherehani. Kisha Kitinda akamnyanyua mwanawe na shuka lake.

"Fungua mlango," akasema.

Kitinda aliendesha, Bi Friza akakaa nyuma na mtoto mapajani, akimsugua mikono. Daktari wa wodi alimminya Kidoti ukucha, akaangalia jinsi damu inavyochelewa kurudi, akamshika mkono kutafuta mapigo, na papo hapo akaita dripu. Walimtundikia akiwa kwenye godoro sakafuni. Baadaye daktari alisema mngechelewa kidogo tungekuwa na mazungumzo mengine, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Kitinda alimfuata. Alimwambia aache kabisa kuitegemea alama, kuanzia saa hiyo, na wote waliorudishwa nyumbani watafutwe.

Kesho yake Kidoti akaomba kwenda kukojoa. Muuguzi alishangilia, maana maji yamerudi mwilini, na Bi Friza hajawahi kuufurahia mkojo wa mtu namna ile. Alitaka kumkumbatia mdogo wake. Kitinda akatoka koridoni, naye akamfuata.

Kitinda akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa friza. Akaupokea, akautia mfukoni.

"Mkutanoni sitakutaja," akasema. "Kwa mkuu pia sitakutaja. Na usidhani ni huruma. Nikikutaja watakuadhibu, mwisho watakusamehe, utapumua. Mimi sijakusamehe."

Bi Friza akarudi ndani akakaa na mtoto, kwa kuwa hilo hakukatazwa.

Siku ya mkutano ilifika. Kitinda alisimama jukwaani na kusema alama inayobeba jina lake haipo. Alieleza kwamba virusi vya waliozidiwa vilikuwa vimekuzwa chupani na vya wengine havikukuzwa, kwamba alitangaza kabla ya kuhakikisha, na kwamba kuna watu walirudishwa nyumbani kwa kosa hilo. Akamtaja fundi cherehani, aliyekuwa ameketi mbele na fimbo yake, akamwomba radhi. Kisha akaonyesha damu halisi ilivyosema. Waliozidiwa hawakukusanyika mahali pamoja. Walitawanyika kwenye matawi tofauti ya kirusi. Tawi moja lilielekea kuwa na wagonjwa mahututi wengi zaidi, lakini wengi wao walikuwa wamewahi kuugua dengi zamani, na haikuwezekana bado kusema kipi kimeongeza ukali, tawi lenyewe au ugonjwa wa nyuma. Herufi moja ya kumwambia daktari nani alazwe hakuipata. Aliomba watu waendelee kuangalia wagonjwa kwa macho na mikono.

Akasimama mmoja kupiga makofi, wakasimama wote. Mkuu wa maabara akavua miwani. Kabla ya chakula cha mchana wageni wawili walikuwa wamekwishamwomba Kitinda aongoze utafiti mkubwa zaidi, na mmoja alisema ujasiri wa namna ile hajauona katika kazi yake yote. Bi Friza alikuwa safu ya tatu, na gauni la kijivu. Alipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kooni kitu kile kile kikamkaba. Watu wengine wakianguka huvunjika. Huyu ameanguka, amepanda juu zaidi.

Jioni alipakua chakula, akamwekea mama yake mezani. Mama alikuwa ameshasikia yote redioni na hamu ya kula hakuwa nayo, alikuwa amejaa fahari tupu. Akasema kusoma si kitu, wasomi wamejaa tele. Lakini mtu mzima kusimama mbele ya kadamnasi akasema nimekosea, hilo halifundishwi shuleni, mtu huzaliwa nalo. Akamgeukia binti yake mkubwa.

"Wewe ungeweza?"

Bi Friza akakaa. Akauweka mwiko juu ya meza, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mama, lile kosa si lake," akasema. "Ni langu. Mimi ndiye niliyempa virusi vya chupani, na nilimpa makusudi."

Mama hakukasirika. Alimwonea huruma, huruma ya mzazi kweli, akanyoosha mkono kuvuka sahani na kumshika kiganja.

"Mwanangu," akasema, "hata kosa lake nalo unataka liwe lako?"